Kabla ya kutuma polisi wengine Haiti, fuateni mshahara wa polisi wa Haiti

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Afande Inspekta Jenerali wa Polisi, na wanachama wa Kamati ya Bunge ya Utawala na Usalama wa Ndani

Waheshimiwa,

Niliitumikia polisi ya Kenya hadi nikastaafu nikiwa inspekta. Sehemu ya utumishi huo niliifanya ng'ambo, chini ya bereti ya buluu ya Umoja wa Mataifa, katika nchi moja ya Afrika Magharibi iliyokuwa imetoka vitani. Kazi yetu kule ilikuwa kuwasaidia wenyeji kuijenga upya polisi yao. Siandiki basi kama mtu anayechukia kuona askari wetu wakivuka bahari. Wapo vijana niliowafunza mwenyewe ambao wamekwenda Haiti, na nawaombea warudi salama.

Ombi langu ni moja. Kabla afisa mwingine hajapandishwa ndege, Wakenya waelezwe hadharani ni nini kimejengwa ndani ya Polisi ya Taifa ya Haiti tangu wetu walipotua katika mji mkuu wake, Port-au-Prince, tarehe 25 Juni 2024, kuongoza misheni ya kimataifa ya kusaidia kupambana na magenge. Habari za barabara iliyofunguliwa na kituo kilichokombolewa tumezisikia, na sizidharau, maana kuna watu waliomwaga damu kwa ajili yake. Ninachouliza ni kingine. Polisi wa Haiti analipwa lini, na fedha zake zinapita mkononi mwa nani kabla hazijamfikia? Mwananchi akionewa na polisi huyo, analalamika wapi? Na polisi anayeua ovyo, nani ana uwezo wa kumvua sare? Katika taarifa zote za serikali nilizozisoma tangu misheni ianze, sijaona maswali hayo yakijibiwa.

Haiti haijawahi kukosa wageni wa kuijengea polisi. Julai 1915 wanamaji wa Marekani walitua pale, wakakaa hadi 1934. Waliunda kikosi walichokiita Gendarmerie, maafisa wake wa juu wakiwa wanamaji wenyewe, na moja ya kazi zake za mwanzo ikawa kuwaswaga wakulima wakajenge barabara kwa shuruti. Wakulima walipoasi wakiongozwa na Charlemagne Péralte, kikosi hicho kikatumika kuwakandamiza. Wanamaji walipoondoka waliacha watu wenye bunduki, gwaride safi na mazoea ya kutawala, na jeshi lililotokana nao likawa likiweka na kuondoa marais kwa miongo iliyofuata. Mwaka 1995 Rais Jean-Bertrand Aristide, aliyekuwa amerudishwa madarakani mwaka uliotangulia kwa nguvu ya wanajeshi wa Marekani wapatao 20,000, alilivunja jeshi hilo. Polisi mpya ikaundwa mbiombio. Maelfu ya vijana walipitishwa kwenye mafunzo ya miezi michache tu, na baadhi yao wakasafirishwa hadi kambi ya Fort Leonard Wood huko Missouri. Kisha ikaja MINUSTAH, misheni ya Umoja wa Mataifa iliyodumu kuanzia 2004 hadi 2017 ikiwa na maelfu ya wanajeshi na polisi kutoka kila bara.

Mhaiti wa kawaida anakumbuka nini kuhusu miaka hiyo 13? Anakumbuka kipindupindu kilichoanza Oktoba 2010 kutokana na maji machafu ya kambi ya walinda amani, kikaua watu wapatao 10,000, na Umoja wa Mataifa ukachukua hadi Desemba 2016 kuomba radhi. Anakumbuka askari zaidi ya 100 wa Sri Lanka waliorudishwa kwao mwaka 2007 kwa tuhuma za kuwadhulumu wasichana na watoto kingono. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema sisi. Watu wa Haiti wamewapokea wageni wengi na bado hawajapona, na hao ndio waliowatazama vijana wetu wakishuka kwenye ndege.

Sasa nirudi kwenye mshahara, kwa sababu hapo ndipo polisi hujengwa au hubomolewa, na hapo ndipo wafadhili hawapendi kukaa. Gari la kivita hupigwa picha. Malipo ya mshahara kwa wakati hayana sherehe.

Mwaka 2009, huko Afghanistan, kampuni ya simu ya Roshan na serikali ya nchi hiyo walianza kuwalipa polisi wachache wa mkoa wa Wardak kupitia simu. Mfumo waliotumia uliitwa M-Paisa, na ni ndugu wa damu wa M-Pesa yetu, teknolojia ileile iliyoanzia hapa kwetu mwaka 2007. Kabla ya hapo, mshahara wa polisi wa Afghanistan ulikuwa unasafiri kwa fedha taslimu kutoka kwa bosi hadi kwa bosi. Siku ulipoingia moja kwa moja kwenye simu, baadhi ya polisi walidhani serikali imewaongeza mshahara. Hakukuwa na nyongeza yoyote. Walikuwa wameonja mshahara wao kamili kwa mara ya kwanza, ambao kabla ya hapo wakubwa walikuwa wakiumega karibu theluthi moja. Yaligunduliwa pia majina ya polisi hewa waliokuwa wakilipwa ilhali hawapo. Na kamanda mmoja, alipoona mgao wake umekatika, alijaribu kuzichukua laini za simu za vijana wake akawapokelee mwenyewe.

Tazameni basi hali ilivyokuwa. Ujerumani ilikuwa imepewa jukumu la kuongoza ujenzi wa polisi wa Afghanistan tangu 2002. Umoja wa Ulaya ukapeleka misheni yake mwaka 2007. Marekani ilikuwa imemimina mabilioni ya dola na kukodi makampuni binafsi ya kufunza. Miaka saba ya mafunzo, na polisi bado hajui mshahara wake ni shilingi ngapi. Mtu kama huyo anamtii nani? Anamtii yule anayeshika bahasha. Serikali ilipotikisika Agosti 2021, kikosi kilichokuwa na zaidi ya watu 100,000 kwenye karatasi kiliyeyuka pamoja na jeshi, mji baada ya mji.

Watu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wanayajua haya. Umoja wa Ulaya ulipoanzisha ujumbe wake wa kurekebisha jeshi la Kongo mwaka 2005, kazi yake kubwa ya kwanza haikuwa kufundisha shabaha. Ilikuwa kutenganisha njia ya amri na njia ya malipo, yaani kamanda aongoze vita na mtu mwingine kabisa alipe askari. Waliwahesabu askari mmoja mmoja, wakawapa vitambulisho, na maelfu kwa maelfu ya majina hewa yakafutwa. Naitaja kwa sababu ni mojawapo ya kazi chache za kigeni katika nchi hiyo ambazo askari wa chini kabisa aliona faida yake mfukoni. Haikuliponya jeshi la Kongo, sote tunaona yanayotokea Goma na Bukavu, lakini waliokuja nayo walikuwa wamegusa kidonda chenyewe.

Na Haiti? Februari 2020, siku za maandalizi ya kanivali, polisi wa Port-au-Prince waliandamana mitaani kwa sababu ya malipo na haki ya kuwa na chama chao. Maandamano yakageuka mapambano ya risasi na wanajeshi karibu na ikulu. Januari 2023, baada ya wenzao kuuawa na magenge, polisi wenye hasira walivamia makazi ya waziri mkuu na kuingia uwanja wa ndege. Mwezi huohuo Marekani ilifungua mpango wa kuwapokea Wahaiti wenye wadhamini, na polisi wakapanga foleni za pasipoti pamoja na raia. Nani angewalaumu? Nchi yenye zaidi ya watu milioni 11 ilibaki na polisi elfu kumi na ushei, wengi wao wakiishi mitaa ambayo magenge yanajua nyumba ya kila mmoja, na wakiwa hawana uhakika wa mshahara wa mwezi ujao. Kwa upande wa pili genge linalipa taslimu, siku hiyohiyo.

Ninyi mlipeleka watu wa GSU, kile kikosi chetu cha kutuliza ghasia, wa kikosi cha mpakani na wa kupambana na wezi wa mifugo. Ni askari hodari. Lakini ni wapiganaji, na azimio namba 2699 la Baraza la Usalama, la tarehe 2 Oktoba 2023, liliwapa kazi mbili: kufanya operesheni pamoja na polisi wa Haiti, na kuwajengea uwezo. Ya kwanza tumeiona. Ya pili ilihitaji watu tofauti. Ilihitaji wahasibu wa polisi, makarani wa rekodi, wapelelezi wa kesi za ndani na walimu wanaojua Kikreoli au walau Kifaransa. Kijana wa Kitale hawezi kumfundisha mwenzake kuandika taarifa ya shahidi kwa lugha ambayo yeye mwenyewe anaisikia kupitia mkalimani.

Niwasimulie kitu kidogo nilichokiona mwenyewe kule Afrika Magharibi. Katika kituo kimoja cha mashambani tulikuwa tumekabidhi jengo jipya, limepakwa rangi, na meza ya mapokezi imeletwa na wafadhili. Asubuhi moja akaingia mama amefunga kichwa kwa leso iliyoloa damu. Mumewe alikuwa amempiga kwa mpini wa jembe. Afisa wa zamu, kijana mpole aliyehitimu vizuri kwenye kozi yetu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa heshima kabisa aende dukani akanunue karatasi na kalamu ili taarifa iandikwe, halafu atafute nauli ya pikipiki ya kumfuata mshtakiwa. Hakuwa anaomba hongo. Droo ya meza ile mpya ilikuwa tupu. Nilipomuuliza mkubwa wake, alinionyesha barua za maombi ya vifaa alizokuwa amezituma makao makuu, moja baada ya nyingine, zisizojibiwa. Mama yule alitoka na hakurudi. Kwenye ripoti yetu ya mwezi kituo kile kilihesabiwa miongoni mwa vituo vilivyokamilika.

Kituo kisicho na karatasi hakina OB, yaani kitabu cha matukio. Kisicho na OB hakina kesi, na polisi akimfungia mtu seli usiku hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikuwa humo. Ninyi mliopitia chuo cha polisi cha Kiganjo mnalijua hili tangu wiki ya kwanza ya kozi. Kwa hiyo nauliza tena: katika vituo vya Port-au-Prince ambavyo maafisa wetu walisaidia kuvirejesha, kuna kitabu cha matukio kinachojazwa leo? Kuna orodha ya mahabusu?

Kuna jambo lingine ambalo ni zito zaidi. Mnayemwezesha leo anaweza kuwa mkuu wa genge kesho. Jimmy Chérizier, ambaye dunia inamjua kwa jina la Barbecue, alikuwa polisi. Alivaa sare ya kikosi cha kutuliza ghasia cha Polisi ya Taifa, katika miaka ambayo Umoja wa Mataifa ulikuwa palepale ukishauri na kufunza. Kwa mujibu wa Wizara ya Fedha ya Marekani, ambayo ilimwekea vikwazo Desemba 2020, alishiriki kupanga na kutekeleza mauaji ya La Saline ya Novemba 2018 akiwa bado ni polisi. Waliouawa hawapungui 71. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2017, polisi wa Haiti walifanya operesheni dhidi ya magenge huko Grand Ravine kwa msaada wa misheni ya Umoja wa Mataifa, na raia wakauawa ndani ya uwanja wa shule. Polisi wa kigeni walikuwa nje, wakilinda eneo pande zote. Walichofanya wenzao ndani ya ua hawakukizuia.

Ukaguzi wa polisi mmoja mmoja ulikuwa umeanza Haiti tangu mpango wa mageuzi wa 2006. Ulikwenda polepole, na aliyebainika kuwa mchafu mara nyingi alibaki kazini, kwa sababu kumfukuza kulihitaji saini ya mwanasiasa na mwanasiasa alikuwa na haja naye. Hapo ndipo mgeni mwenye fedha anapaswa kusimama imara. Uingereza ilijikuta katika mtihani wa aina hiyo Kongo. Ilikuwa ikifadhili mpango mkubwa wa mageuzi ya polisi, wenye polisi jamii katika miji kama Bukavu, Matadi na Kananga, na watu wa miji hiyo walianza kuona tofauti. Kisha Novemba 2013 polisi wa Kinshasa wakaanzisha Operesheni Likofi dhidi ya vijana wa mitaani walioitwa kuluna. Wakaingia nyumbani usiku wakiwa wamefunika nyuso na kuwaua vijana mbele ya mama zao. Shirika la Human Rights Watch lilithibitisha vifo visivyopungua 51. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilipotoa ripoti yake Oktoba 2014, mkuu wake alifukuzwa nchini. Uingereza ikasitisha msaada wake kwa polisi hao.

Mimi kwa upande wangu naona Uingereza ilifanya sawa kutokubali fedha zake zitembee na mikono ile. Lakini kwa mama wa Bukavu aliyekuwa amezoea kuita polisi wa mtaa wake kwa jina, kilichotokea ni kwamba makosa ya Kinshasa yalimfungia yeye mlango. Ndiyo maana masharti huwekwa mwanzoni, kabla ya bunduki ya kwanza kukabidhiwa: nani atakaguliwa, nani ataondolewa, na msaada upi utaendelea hata mwingine ukikatwa. Makubaliano ya Kenya na Haiti yaliyotiwa saini Nairobi tarehe 1 Machi 2024, baada ya Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu kuzuia safari ile mnamo Januari, yaliandaliwa kwa haraka ya kutimiza hukumu ya mahakama. Siku iliyofuata, waziri mkuu wa Haiti aliyekuja kwa ajili ya utiaji saini huo, Ariel Henry, akiwa bado hajafika kwao, magenge yalivunja gereza kuu la Port-au-Prince na maelfu ya wafungwa wakatoroka. Hakuweza kurudi kutawala. Makubaliano yetu yakabaki na serikali isiyokuwepo. Naomba Bunge liyaweke mezani na kuonyesha kifungu kinachosema tutafanya nini tukigundua kwamba kitengo tunachopigana nacho bega kwa bega kinaua wafungwa.

Afande Inspekta Jenerali, hili nawaambia ninyi kama mkubwa wa nyumba niliyolelewa. Siku ndege ile ya kwanza ilipotua Haiti, 25 Juni 2024, vijana walikuwa wanapigwa risasi nje ya Bunge letu Nairobi. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 vya maandamano hayo. Mwaka uliofuata, Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alitolewa Homa Bay akaletwa Kituo Kikuu cha Polisi Nairobi na kufia mikononi mwa polisi. Taifa likaambiwa alijigonga kichwa ukutani, mpaka wapasuaji wa maiti waliposema majeraha yale hayafanani na ya mtu aliyejigonga. Wahaiti wanasoma habari hizi. Wana simu kama sisi.

Nasikia watu wakisema kwa sababu hiyo Kenya haina haki ya kumfundisha mtu. Siafikiani nao, na nitaeleza kwa nini. Sisi tumewahi kuwa upande wa pili wa meza. Baada ya ghasia za 2007 na 2008, Tume ya Waki, iliyozichunguza, ilihesabu vifo 1,133, na kati yake 405 vilitokana na risasi. Jopo la Jaji Ransley likaeleza mwaka 2009 polisi wetu wanavyoishi na wanavyooza. Ikazaliwa IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, kwa sheria ya 2011. Ikaja Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi na ukaguzi wa maafisa. Wengi wenu mnakumbuka askari wa trafiki walivyosimama mbele ya makamishna wakiulizwa kuhusu taarifa zao za M-Pesa: hizi fedha ulizopokea ni za nini, na huyu uliyekuwa ukimtumia kila jioni ni nani kwako? Wengine walijibu ni shemeji. Wengine walinyamaza. Mle ndani ya simu kulikuwa na ramani nzima ya polisi yetu, kuanzia kizuizi cha barabarani kwenda juu. Ukaguzi ule ulifika mahali ukapoa kabla haujapanda ngazi za juu kama ulivyopaswa. Lakini hakuna Mjerumani wala Mmarekani aliyeongoza kikao kile. Wakenya waliwauliza Wakenya, hadharani, mbele ya kamera.

Hicho ndicho tungeweza kuwapelekea watu wa Haiti, pamoja na hadithi yote ya kilichofaulu na kilichokwama. Pelekeni watu waliokaa kwenye vikao vile. Pelekeni wachunguzi wa IPOA waliofungua mafaili ya polisi wauaji na wakajua kwa nini mashahidi hukimbia. Pelekeni wataalamu wa malipo ya simu wakakae na hazina ya Haiti, kwa sababu nchi ile ina mitandao ya pesa za simu na polisi wake wana simu mfukoni. Gharama ya kundi kama hilo ni ndogo mno ukiilinganisha na magari ya kivita yanayonasa kwenye mitaro ya Artibonite, jimbo la Haiti lililo kaskazini ya mji mkuu.

Na kwa kuwa nimeitaja Artibonite, haya ya wetu hayawezi kupita kimya. Februari 2025 afisa wetu wa kwanza aliuawa kule. Machi mwaka huohuo, gari la polisi wa Haiti lililokwama kwenye mtaro karibu na Pont-Sondé lilifuatwa na maafisa wetu ili kulikwamua, wakashambuliwa, na mmoja wao hakurudi. Vyombo vya habari vya Haiti vilisema amekufa. Familia yake ilikaa miezi mingi bila jibu la wazi kutoka kwa wanaopaswa kuijibu. Nimekaa na wazazi wa askari waliofia kazini hapa nchini. Mzee huwa anataka kujua mambo mawili tu, mwanangu yuko wapi na nani alikuwa naye. Polisi inayoshindwa kumjibu baba wa afisa wake itamfundishaje mwenzake kumjibu raia?

Tangu 30 Septemba 2025 Baraza la Usalama limeamua, kwa azimio namba 2793, kuigeuza misheni ile kuwa kikosi cha kuyakandamiza magenge, chenye ruhusa ya kufikia watu 5,550 na chenye uwezo wa kufanya operesheni peke yake, bila kulazimika kwenda na polisi wa Haiti. Nimesoma waliosifu kwamba sasa kuna meno. Misheni yetu iliahidiwa watu 2,500 na haikufika hata nusu ya hapo, kwa hiyo naelewa kiu ya nguvu. Mwaka 2024 peke yake waliuawa watu zaidi ya 5,600 nchini humo, na katikati ya 2025 waliokimbia makwao walifika milioni 1.3. Watu hao hawawezi kungoja hadi kila karani afunzwe. Magenge yenye bunduki zinazoingizwa kutoka Florida hayaondoki kwa semina.

Lakini kikosi kinachoweza kupigana bila polisi wa nchi ni kikosi kinachoweza kuisahau polisi ya nchi, na kikiondoka kitaacha mtaa uliosafishwa mikononi mwa watu walewale wasiolipwa. Ndivyo ilivyokuwa 1934, na ndivyo ilivyokuwa 2017.

Kwa hiyo nawaomba haya, na nayaomba kwa maandishi. Ripoti ya kazi yote ya Kenya nchini Haiti iwasilishwe Bungeni na kuchapishwa, ikiwa na sura nzima kuhusu Polisi ya Taifa ya Haiti: maafisa wangapi tuliwafunza, nini, kwa lugha gani, na wangapi kati yao bado wako kazini. Malalamiko yote yaliyotolewa dhidi ya maafisa wetu wakiwa Haiti yatajwe, na hatima ya kila moja, maana azimio la 2023 lilidai kuwe na njia ya kulalamika na ya kufuatilia mwenendo. Familia za waliofariki zipewe taarifa kamili ya mazingira ya vifo, pamoja na fidia yao, kabla haijatangazwa kwenye jukwaa lolote. Posho zote walizocheleweshewa maafisa zilipwe, kwa sababu hatuwezi kuhubiri mshahara Port-au-Prince na kuuchelewesha hapa kwetu Embakasi. Na kama Kenya itaendelea kuwa na mtu hata mmoja chini ya kikosi kipya, Mheshimiwa Waziri atumie nafasi hiyo kudai kwamba sehemu ya fedha za wafadhili iwekwe kando kwa mishahara ya polisi wa Haiti, ilipwe moja kwa moja kwa kila afisa aliyekaguliwa, bila kupitia kwa kamanda yeyote.

Wanakamati wa Bunge, mna mamlaka ya kuwaita mashahidi. Waiteni maafisa wa vyeo vya chini waliorudi, konstebo na koplo, si makamanda peke yao, na muwape kinga ya kusema bila kuhofia uhamisho. Nimezungumza na baadhi yao. Wana mengi ya kueleza kuhusu polisi wa Haiti waliopigana nao, wanaowasifu kwa ujasiri, na ambao wakati mwingine maafisa wetu waliwagawia chakula chao kwa sababu polisi hao walikuwa hawajalipwa. Nami nikiitwa nitakuja kwa nauli yangu.

Wenu mtiifu,

Inspekta mstaafu wa polisi, Nakuru